Unatumia Lithiamu? Linda Maji, Chumvi na Kipimo

Siku hizi si ajabu kuwa na jirani au ndugu anayekwenda kliniki ya akili kila mwezi na kurudi na vidonge vyake. Hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi mtu huambiwa tu, "Moja asubuhi, mbili jioni," basi, anaenda zake. Hajaelezwa dawa inafanya nini mwilini, wala ni kitu gani kinaweza kuigeuza ikawa sumu. Leo tutazungumza juu ya dawa za kusawazisha hisia, hasa lithiamu.

UGONJWA WENYEWE

Kuna ugonjwa ambao hisia za mtu hupanda na kushuka kupita kiasi. Madaktari huuita bipola. Mtu akipanda, analala kidogo sana na hachoki, maneno yanamtoka bila kituo, pengine anauza ng'ombe wa nyumbani ili aanzishe biashara kumi kwa siku moja. Akishuka, hawezi kutoka kitandani, hataki chakula, na anaweza kuwaza kujiua. Huu si uvivu wala tabia mbaya. Ni ugonjwa, kama vile sukari au presha, na una dawa.

LITHIAMU NI NINI?

Lithiamu hutokana na madini ya ardhini, nayo hutengenezwa kama chumvi. Mwaka wa 1949 daktari wa Australia, John Cade, alieleza jinsi ilivyotuliza wagonjwa waliokuwa wamepanda. Mpaka leo ni moja ya dawa bora za ugonjwa huu. Huzuia kupanda na kushuka, na imeonekana kupunguza vifo vya kujiua. Haiondoi ugonjwa moja kwa moja. Inaushikilia, ndiyo sababu humezwa kwa miaka mingi.

MPAKA NI MWEMBAMBA

Dawa nyingi ukizidisha kidogo, mwili unavumilia. Lithiamu sivyo. Kipimo kinachowafaa wagonjwa wengi ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 katika lita moja ya damu. Ikipita 1.5, sumu inaanza. Ikipita 2, maisha yako hatarini. Hakuna mtu anayeweza kujua kipimo hiki kwa kumtazama mgonjwa usoni. Lazima damu ipimwe.

Mwanzoni damu hupimwa kila wiki mpaka kipimo kitulie, kisha kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Figo na tezi ya koo (ile inayovimba mtu akipata rovu) zipimwe angalau kila miezi 6. Damu hutolewa muda wa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kama umemeza saa tatu usiku, damu itolewe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi usubiri kuimeza baada ya kupimwa. Si kila zahanati ina mashine ya kupima lithiamu. Uliza mapema ni wapi wanapima na ni pesa ngapi, uweke na nauli kando.

MAJI NA CHUMVI

Figo huichukua lithiamu karibu sawa na chumvi ya jikoni. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, figo huanza kubana chumvi isitoke, na lithiamu inabanwa pamoja nayo. Hapo kipimo kinapanda, ingawa hujaongeza hata kidonge kimoja.

Tuseme mtu amelima mchana kutwa juani, au ameshikwa na malaria na anatoka jasho, au anaharisha na kutapika. Anaendelea kumeza dawa yake kwa uaminifu. Baada ya siku mbili anatetemeka na kupepesuka. Watu wanasema amelewa. Hajalewa, amezidiwa na dawa. Kwa hiyo:

- Kunywa maji ya kutosha kila siku, zaidi wakati wa jua kali na kazi nzito.
- Usiache chumvi ghafla, wala usiiongeze ghafla. Kula kama ulivyozoea. Ukiambiwa upunguze chumvi kwa ajili ya presha, sema kwanza kwamba unatumia lithiamu.
- Ukiharisha au kutapika, kunywa maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, na uende kliniki siku hiyo hiyo. Uliza kama usimamishe dozi kwa muda.
- Kama unataka kufunga, ongea na daktari kwanza. Kushinda bila maji ni hatari kwako. Mwambie pia kiongozi wako wa dini, ataelewa.

KUCHANGANYA DAWA

Mzee anaingia duka la dawa: "Daktari, nipe ile ya mgongo." Anajibiwa: "Hii hapa mzee, meza mbili mara tatu." Hakuna aliyeuliza, na mzee hakusema. Pengine amepewa ibuprofeni au diklofenaki, na hizo hupandisha lithiamu kwenye damu. Vivyo hivyo dawa za presha za kukojoza maji, na nyingine kama enalaprili na losartani. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi. Zoea kusema hivi kila mahali: "Mimi natumia lithiamu. Hiyo haitanidhuru?"

DALILI ZA KUJUA

Mikono kutetemeka kidogo, kiu, kukojoa mara kwa mara na kuongeza uzito ni mambo yanayotokea kwa wengi. Mweleze daktari siku yako ya kliniki. Lakini ukiona haya yafuatayo, usimeze dozi nyingine, nenda hospitali mara moja:

- kutetemeka sana mpaka kikombe cha chai kinamwagika;
- kutapika au kuharisha kusikokoma;
- kupepesuka, ulimi kuwa mzito;
- kusinzia sana, kuchanganyikiwa, au kifafa.

Mgonjwa mwenyewe huenda asitambue. Watu wa nyumbani ndio macho yake.

AKINA MAMA NA DAWA NYINGINE

Wengine hupewa valproeti au kabamazepini, ambazo pia hutibu kifafa. Valproeti ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kati ya watoto 10 ambao mama zao waliitumia wakiwa na mimba, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 au 4 hupata shida katika kukua na kujifunza. Mwanamke anayeweza kushika mimba aongee na daktari juu ya dawa nyingine, na awe na njia imara ya kupanga uzazi.

Kabamazepini nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na vile vijiti vya mkononi. Hupunguza pia nguvu ya baadhi ya dawa za malaria na za virusi vya UKIMWI. Ukiitumia ukatokwa na vipele mwilini, homa au vidonda mdomoni, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Mama anayetumia lithiamu na anapanga kuzaa, au anayenyonyesha, amweleze daktari mapema. Ukigundua una mimba, usitupe dawa yoyote kwa hofu. Nenda kliniki upesi.

"NIMEPATA NAFUU, NIACHE?"

Hapana. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Anayeacha lithiamu ghafla, ugonjwa humrudia upesi, na pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Kama kuna sababu ya kuacha, daktari hupunguza pole pole kwa muda wa wiki 4 au zaidi, ikiwezekana miezi 3. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Ngoja saa ya dozi inayofuata.

Wako wanaosema kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Mtu huyo huyo akivunjika mguu hupelekwa hospitali kufungwa plasta. Omba na umeze dawa yako. Hayo mawili hayagombani.

Watu wa nyumbani, andikeni kwenye karatasi jina la dawa, kipimo chake, tarehe ya kupimwa damu na namba ya simu ya kliniki. Ibandikeni mahali ambapo kila mtu ataiona, na watoto wasifikie vidonge. Siku ndugu yetu atakapozidiwa, karatasi hiyo mwende nayo hospitali.