Somo la Redioni: Kwa Nini Ndimu Hukata Shombo ya Samaki

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unafifia.)

MTANGAZAJI: Mwanafunzi mmoja wa sekondari anauliza: amini ni besi, lakini ipi ina nguvu zaidi, na kwa nini? Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Ahsante, dada. Tuanzie jikoni. Shombo ya samaki wa baharini hutokana hasa na trimethilamini. Ukimkamulia ndimu, asidi yake huipa amini hiyo protoni, ikageuka chumvi. Chumvi hairuki hewani, basi pua hainusi kitu.

MTANGAZAJI: Kumbe besi ni ile inayopokea protoni?

MWALIMU: Naam. Nitrojeni ya amini ina jozi ya elektroni iliyo huru, na hiyo ndiyo hupokea protoni. Sasa chukua amonia, yenye hidrojeni 3. Toa hidrojeni 1, weka methili. Methili husukuma elektroni kuelekea nitrojeni. Ndiyo maana, ndani ya maji, methilamini ni besi yenye nguvu kama mara 25 ya amonia. Weka methili 2, upate dimethilamini: kama mara 30.

MTANGAZAJI: Basi yenye methili 3 itazishinda zote!

MWALIMU: Hapo ndipo wengi hukosa alama. Trimethilamini huizidi amonia kama mara 3 na nusu tu. Sababu ni maji. Amini ikishapokea protoni, maji huituliza kwa kushikana na hidrojeni zilizo kwenye nitrojeni. Trimethilamini inakuwa na hidrojeni 1 tu ya kushikwa, kwa hiyo protoni huitoka kwa urahisi.

MTANGAZAJI: Na anilini?

MWALIMU: Ni dhaifu kuliko amonia kwa maelfu ya mara, kwa kuwa pete yake ya kaboni 6 huivuta ile jozi. Andikeni, kuanzia yenye nguvu: dimethilamini, methilamini, trimethilamini, amonia, anilini.

MTANGAZAJI: Je, mama mwenye samaki aliyeanza kuharibika, ndimu itamsaidia?

MWALIMU: Hapana. Ndimu hukata shombo, haiondoi uozo. Samaki kama jodari akikaa kwenye joto hujaa histamini, nayo pia ni amini. Huenda usiinuse, na kupika hakuiondoi. Huleta wekundu usoni, kuumwa kichwa na kutapika. Kutupa chakula kunauma, najua, lakini samaki huyo mtupe.



(Muziki wa kufungia.)