Ukijani wa tangini una mlishaji wake

Mkulima wa Muyama, wilayani Buhigwe, anayefuga perege kwenye bwawa la bondeni hupima maji yake kwa mkono. Huuzamisha mpaka kwenye kiwiko, akanyoosha kiganja na kukitazama. Kikionekana wazi, maji bado ni maskini; ataongeza samadi kwenye ule uzio wa fito alioujenga pembeni mwa bwawa. Kikifichwa na ukijani mkono ulipofika kiwikoni, maji yameiva. Kikipotea mapema zaidi, samadi inasimama, kwa sababu mwani ukizidi hutumia oksijeni usiku, na alfajiri samaki watakutwa juu wakitweta.

Ukijani huohuo ndio unaowakatisha tamaa watu wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni. Mtu ananunua tangi la kioo, anatandika mchanga, anapanda mimea, anatia samaki sita wazuri. Mwezi haujaisha, kioo kimepigwa utando, majani yameota nywele za kijani, na maji yamekuwa kama supu ya mchicha. Swali la kwanza analouliza ni dawa gani inaua mwani. Mfugaji wa perege angemuuliza swali lingine: umeulisha nini?

Mimi nilijifunza jambo hili kwa tangi la lita 80 nililoliweka chini ya dirisha linalotazama mashariki, nikiamini kwamba jua la Mungu ndilo bora kwa mimea. Kasulu na Buhigwe, huku kwetu mkoani Kigoma, ziko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa Ikweta. Huku mchana una takriban saa 12 mwaka mzima, na jua la mwezi wa saba, hewa ikiwa kavu, hupiga kioo bila huruma. Mimea ya tangini hushiba nuru kwa saa nane au pungufu. Saa zilizobaki nilikuwa nafuga mwani. Kila Jumamosi nilisugua kioo, na kila Jumatano kilikuwa kijani tena.

Nililihamishia ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na kulifungia taa ya LED. Kwa tangi changa saa sita zinatosha. Ratiba ninayoipendekeza kwa mtu mwenye familia ni saa nane mchana hadi saa mbili usiku, ili watoto wakirudi shule wakute tangi limewaka. Mimea ikishakomaa, ongeza mpaka saa nane, usivuke hapo. Taa iwashwe na kuzimwa kwa saa zilezile kila siku.

Nuru ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni chakula, na hapa wengi huharibu kwa upendo. Samaki mdogo anatosheka na chakula anachoweza kukimaliza ndani ya dakika mbili. Kinachozidi huzama, huoza, na pamoja na kinyesi hutoa amonia, sumu kwa samaki. Bakteria wanaoishi kwenye chujio na mchangani huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo ni mbolea. Jeshi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, ndiyo maana tangi jipya linahitaji subira kabla ya samaki. Nao wanahitaji oksijeni: umeme ukikatika kwa saa nyingi na chujio likasimama, wengi hufa, na siku chache baadaye mwenye tangi anashangaa maji yamechafuka yenyewe.

Mbolea ikishakuwepo, kuna wawili wanaoigombea, mimea na mwani. Mimea mingi inayokua haraka, iliyopandwa tangu siku ya kwanza, huimaliza kabla mwani haujapata nafasi. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, huota yenyewe ndani ya Ziwa Tanganyika na hustahimili maji magumu. Ceratophyllum haina hata mizizi. Huelea na kunyonya mbolea moja kwa moja majini. Anzia hizo. Anubias, mmea wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati unaopendwa kwa majani yake mazito, hukua polepole mno, na jani lililokaa miezi mingi chini ya taa kali ni shamba la mwani. Ufunge kwenye jiwe au gogo, kivulini mwa mimea mirefu.

Mimea isiyokua haiwezi kushindana na yeyote. Ukiona majani yanageuka manjano wakati mwani unanenepa, usikimbilie kupunguza mbolea, maana huenda mimea imekosa madini kama potasiamu au chuma, au imekosa hewa ukaa. Wanaopitisha hewa ukaa kwa mtungi wahakikishe kiwango hakipandi na kushuka ovyo. Kuyumba huko huleta mwani mweusi wenye ndevu, ambao kwa asili ni jamii ya mwani mwekundu na haubanduki kwa kusugua. Jani lenye ndevu hizo likate, lisikusumbue.

Utando wa kahawia kwenye tangi jipya usikutishe, huondoka wenyewe tangi likishatulia. Maji yaliyogeuka kijani yote, kama ya bwawa la perege, yafunike kwa blanketi siku tatu au nne bila taa, kisha badilisha nusu ya maji. Kuna pia ule utando wa kijani cha buluu unaoteleza kama ute, unaobanduka vipande vipande na kunuka uvundo wa udongo. Huo si mwani kamili, ni bakteria wanaotumia nuru kama mimea. Wapo wanaousagia vidonge vya antibayotiki. Nawasihi waache. Vidonge hivyo vinaweza kuwadhuru bakteria wa chujio pia, na maji yake yakimwagwa nje yanakuza vijidudu visivyosikia dawa hospitalini. Uvute utando kwa mpira, safisha mchanga, ongeza mzunguko wa maji, funika tangi siku tatu.

Kila wiki badilisha theluthi ya maji. Ya bomba yenye klorini yatiwe dawa ya kuondoa klorini, au yalazwe kwenye ndoo wazi usiku kucha. Ya chemchemi hayana haja hiyo. Kazi haizidi nusu saa, na inashinda chupa yoyote ya dawa ya mwani.

Wengine hutafuta samaki wa kula mwani, na kwa mtu wa mkoa wa Kigoma jibu linaonekana liko mlangoni. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika wanaishi Tropheus, samaki waliotambulishwa kwa sayansi na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1898, ambao kutwa nzima hukwangua mwani juu ya mawe. Husafirishwa hadi Ulaya, Marekani na Japani kwa ajili ya matangi. Lakini kwenye tangi la mimea hawafai. Huishi kwa makundi makubwa yenye ugomvi, huhitaji maji magumu yenye alkali, pH ya 9 hivi, hutafuna mimea laini, na wakilishwa vyakula vizito vya nyama huvimba tumbo na kufa. Mjapani Takashi Amano, aliyeifanya bustani ya ndani ya maji ijulikane duniani, alitegemea uduvi wadogo wa kwao wanaokula nyuzi za mwani. Hata hao aliwaweka kwenye tangi ambalo nuru na mbolea yake vilikuwa vimepimwa.

Ziwa Tanganyika lenyewe linathibitisha kanuni hiyo ya nuru na mbolea kwa upande mwingine. Mbolea ya Tanganyika imelala vilindini, kwenye ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470, na pepo za kiangazi ndizo zinazosaidia kuipandisha kwenye nuru. Maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya chini. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani ziwani huenda ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwani ukipungua, dagaa na migebuka hupungua. Ukiongeza na uvuvi uliokithiri, unaelewa kwa nini Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Tunachokikwangua sebuleni kwa hasira ndicho kinacholisha Kigoma nzima.

Na hapo nina ombi kwa kila mwenye tangi katika nyanda hizi za Kasulu, Kibondo na Buhigwe. Gugu maji lililosonga Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kama pambo la maji, na liliingia huko kupitia Mto Kagera. Vijito vingi vya kwetu vinateremka hadi Mto Malagarasi, na ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Mimea unayoipunguza, konokono waliozidi na samaki usiowataka visifike kijitoni kamwe. Majani yaanike juani mpaka yakauke, kisha yafukie shambani. Maji machafu ya tangi yamwage kwenye shina la mgomba, yana mbolea.