Ndoana Yenye Kutu na Pua ya Kambare
Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya mshipi na chubwi. Tangu hapo, swali lililonifikia zaidi kutoka Kamukuywa na Kiminini ni moja: je, kutu ya ndoana humfukuza samaki? Jibu langu ni hapana, na nitalitetea. Ndoana yenye kutu hutukosesha samaki kwa sababu ni butu na dhaifu. Harufu inayomfukuza samaki, pale inapomfukuza kweli, mara nyingi tumeipaka sisi wenyewe tukiwa mbioni kuiondoa hiyo kutu.

Tuanze na kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na hewa hurudi polepole kwenye hali inayokaribia ile kilichokuwa nayo ardhini kabla ya kuyeyushwa tanuruni, yaani oksidi ya chuma. Oksidi hiyo ni ngumu kuyeyuka majini, na kitu kisichoyeyuka majini samaki hana namna ya kukinusa. Isitoshe, udongo wetu kati ya Kitale na Bungoma ni mwekundu kwa sababu iyo hiyo: umejaa oksidi za chuma. Mvua za Aprili zinapokolea, mto Kamukuywa hushuka kutoka upande wa Mlima Elgon ukiwa umebeba udongo huo kwa wingi, ukapita chini ya daraja la barabara kuu ya Kitale na Webuye ukiwa mwekundu. Samaki wa maji hayo ameishi na kutu tangu yai. Ndoana moja yenye madoa haina habari mpya ya kumpa.

Mtu ataniuliza: mbona basi chuma kinanuka? Shika msumari wa zamani au mnyororo wa baiskeli, kisha unuse kiganja. Harufu ipo, wala hudanganyiki. Mwaka 2006 wanakemia wa Ujerumani na Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili, na walichokuta kinachekesha. Chuma chenyewe hakikutoa ile harufu. Jasho la mkono huyeyusha chembe za chuma, chembe hizo huyavunjavunja mafuta ya ngozi, na mabaki ya mafuta hayo ndiyo yanayonuka. Moja kati yake lina harufu ya uyoga. Kwa maneno mengine, tunachokiita harufu ya chuma ni harufu ya binadamu aliyekishika chuma. Ukiipeleka mtoni, ni wewe unayenuswa.

Na binadamu ananuka vibaya kwa samaki? Inategemea samaki gani. Huko Canada, kwenye miaka ya 1950, watafiti walisimama kando ya mito ambayo samoni huipanda kwenda kutaga. Walipotia majini maji waliyooshea mikono, samoni waliokuwa wakipanda walisita na kurudi nyuma. Ngozi ya dubu iliwatia hofu vivyo hivyo. Mwaka 1956 walitangaza kwamba kiini kimojawapo cha hofu hiyo ni serini, asidi ya amino inayotoka kwenye ngozi za wanyama. Dubu hula samoni, kwa hiyo samoni anayekimbia harufu ya ngozi ana akili timamu. Trauti, ambaye Ewart Grogan alimleta Kenya mwaka 1905 na kumwachia katika maji ya Aberdare, na ambaye baadaye alipandikizwa hata kwenye vijito vya baridi vya Elgon, ni wa ukoo mmoja na samoni. Anayemvua huyo kwa kijiko kinachometameta au kwa nzi wa manyoya ana sababu ya kuosha mikono. Lakini asisahau kwamba trauti huwinda hasa kwa macho. Kijiko kilichofifia kitamkosesha samaki kabla ya harufu kufika.

Kambare ni habari nyingine kabisa, na kwa msomaji wa Kamukuywa kambare ndiye mwenye maana zaidi. Macho yake ni madogo, naye hutembea zaidi usiku na kwenye maji ya tope. Badala ya macho ana sharubu 8, jozi 4, zilizojaa vionjio kama vile vilivyo kwenye ulimi wetu. Tena vionjio hivyo havikomei kwenye sharubu, vimetapakaa hadi kwenye ngozi ya mwili. Kambare huonja akiwa bado hajafungua kinywa. Pua yake nayo haina njia ya kwenda kooni. Maji huingia tundu la mbele na kutokea tundu la nyuma, yakipita juu ya utando unaonusa. Asidi za amino zinazovuja kutoka kwa nyungunyungu aliyetobolewa, au matumbo ya kuku yaliyoanza kuchacha, kwake ni mwito wa chakula. Ndiyo maana anayemvua kwa harufu hutupa chambo upande wa juu wa shimo analodhani kambare amelala, ili mkondo ubebe harufu hadi mlangoni kwake. Ukitupa upande wa chini, unawapikia wengine.

Hapa nitatia neno la kuwachanganya wale wanaohubiri kwamba sabuni ni sumu ya uvuvi. Kuna wavuvi wa Nigeria, na wengine wa kusini mwa Marekani, ambao hukata mche wa sabuni vipande vidogo, wakavitunga kwenye ndoana, na wakanasa kambare navyo. Sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama huachia asidi za mafuta majini, na kambare huzifuata. Tofauti iko kwenye manukato. Sabuni ya kawaida ya kufulia, isiyo na marashi, ukioshea mikono kisha ukaisuuza vizuri, haitakudhuru. Ya kuogea yenye harufu ya waridi iache nyumbani.

Kambare ana hisi moja zaidi, na hii ndiyo inayonifanya nisimpuuze kabisa mzee anayesema kwamba ndoana mbovu "inamshtua" samaki. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, Parker na Van Heusen, walimfunga macho kambare wa kwao na kumsogezea fito majini. Ufito wa kioo hakuujali hata kidogo. Ufito wa chuma aliuhisi kabla haujamgusa. Kikiwa kipande kikubwa cha chuma alikikwepa, kikiwa kidogo alikisogelea na kukidonoa. Sababu ni umeme hafifu unaozaliwa chuma kinapokaa majini. Mwaka 1963 Lissmann na Machin walionyesha kwamba hata kambare wetu wa Afrika, jamii ya Clarias, ana uwezo wa kuhisi umeme wa namna hiyo. Sasa, ndoana nyingi ni za chuma kigumu chenye kaboni, zimepakwa juu utando wa bati au nikeli. Utando ukichubuka, metali mbili tofauti hukutana majini na mkondo mdogo wa umeme huanza. Mkondo huo huo ndio huharakisha kutu. Kwa ndoana moja ndogo, hesabu ya 1917 inaelekea zaidi upande wa kumvuta kambare kuliko kumtimua. Kwa hiyo mzee amegusa jambo la kweli, ila amelipa mwelekeo usio wake.

Basi tusafishe kwa nini? Kwa ajili ya ncha. Mdomo wa kambare una ufizi mgumu na mfupa uliokaribu sana na ngozi. Ndoana ambayo ncha yake imekula kutu huteleza juu ya mfupa. Unavuta, unahisi uzito, kisha mshipi unarudi mtupu. Chukua ndoana uiinue kwenye mwanga wa dirisha. Angalia sehemu tatu: ncha, kijino kilicho nyuma ya ncha, na tundu la kufungia mshipi. Kutu ya juu juu ni vumbi la rangi ya machungwa linalotoka kwa kidole. Kutu iliyokula ndani huacha vishimo vyeusi vinavyokwaruza ukucha. Ndoana yenye vishimo kwenye kipindo usihangaike nayo, itakatika siku utakaponasa samaki wa maana. Yenye kutu ndani ya tundu itakata mshipi wako taratibu bila wewe kujua.

Zinazofaa kuokolewa zitoe kwanza kwenye chambo bandia, usitumbukize kitu kizima, maana asidi hubabua rangi. Zisuuze, kisha zilowe kwenye siki nyeupe au maji ya ndimu. Robo saa hadi nusu saa inatosha, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huziacha zilale usiku kucha akidhani atapata weupe zaidi. Siki ikimaliza kutu haisimami, huanza kula chuma kizima na kuachia haidrojeni, na haidrojeni ikipenya kwenye chuma kilichokazwa kama cha ndoana hukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Ndoana itang'aa, kisha itapasuka kama kioo. Sugua kwa mswaki wa zamani, na pale palipogoma tumia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria.

Baada ya hapo asidi lazima itulizwe, vinginevyo kutu itarudi kabla ya jioni. Vitabu vitakuambia utumie soda ya kuokea. Jikoni mwa Wabukusu kuna kitu kilicho tayari: musherekha, yale maji ya munyu yanayochujwa kwenye majivu, tunayopikia kunde na mrenda. Hayo, kama magadi, huua makali ya asidi. Chovya, suuza kwa maji safi, kausha juani hadi tundu likauke. Kisha noa. Tupa ndogo yenye meno laini ipitishwe kutoka kwenye kipindo kuelekea nchani, pande mbili au tatu, kwa mkono mwepesi. Ijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza bado ni butu, ikijishika papo hapo imekubali.

Kijiko cha shaba nyeupe au nyekundu hakipati kutu, ila hufifia. Ndimu na chumvi, au majivu laini ya jikoni na kitambaa kibichi, vitakirudishia mng'ao. Chubwi la risasi lisisuguliwe kwa mikono mitupu kisha mtu akala.

Mafuta ya kuhifadhia ndiyo sura inayoharibu kazi yote. Fundi wa pikipiki atakupa grisi, jirani atakupa mafuta ya taa, na vyote viwili huzuia kutu vizuri tu. Lakini huganda kwenye chuma na kwenye vidole, na kutoka kwenye vidole huingia kwenye chambo. Nyungunyungu aliyeshikwa kwa vidole vya mafuta ya taa hatoi tena ujumbe alioumbiwa kuutoa. Paka tone la mafuta ya kupikia au mafuta ya samaki mwenyewe, hayo kambare hayachukii. Weka ndoana kavu peke yake, usiirudishe kwenye mkebe uliojaa mbovu zenye unyevu. Siku ya uvuvi sugua mikono kwa udongo wa ukingoni na maji ya mto, ukishika tumbaku unawe tena, na ukiwa unavua kwenye bwawa la kufugia, chambo bora ni kile chakula cha samaki wanachomwagiwa kila siku. Mabwawa mengi ya Bungoma yalichimbwa kwa mpango wa serikali wa mwaka 2009, na samaki waliokulia kwenye chakula cha kiwandani wanaijua harufu yake kuliko ya mdudu yeyote.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni zito kuliko kutu. Kamukuywa na Kimilili ni nchi ya kahawa, na kahawa hupuliziwa dawa za shaba dhidi ya ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Shaba iliyoyeyuka majini huua uwezo wa samaki wa kunusa, hata kwa kipimo cha mikrogramu chache katika lita moja. Majaribio kwa samoni wachanga yameonyesha hivyo waziwazi. Samaki aliyepoteza pua hapati chambo chako, lakini pia hapati chakula chake wala hamsikii adui. Mwaka 1938 Karl von Frisch, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aligundua kwamba ngozi ya samaki mdogo aliyejeruhiwa hutoa dutu inayowatimua wenzake. Kundi la samaki wenye mfumo huo ni kubwa, na ndani yake wamo kambare na ningu. Ningu wa mto Nzoia, ambao zamani walipanda mto kwa makundi wakati wa mafuriko, uvuvi wao ulikuwa umeporomoka kwa nyavu kufikia miaka ya 1960. Waliobaki wasipokonywe na pua.

Kwa hiyo ewe mkulima ambaye pia ni mvuvi: pampu ya dawa usiioshee mtoni. Ioshee shambani, maji yamwage kati ya mistari ya kahawa, mbali na kijito. Wiki ijayo tutazungumzia vifundo.