Wajane Waliosahauliwa

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kanisa lenye watu wa makabila mengi, jinsi linavyojengwa na jinsi linavyoweza kubomoka. Wala hatusemi kama watu waliofaulu. Twasema kama mtu aliyejikwaa njiani, akamgeukia mwenziwe anayemfuata, akamwonyesha jiwe.

Kanisa letu liko kando ya barabara iendayo Malindi, katika kaunti ya Kilifi. Ukisimama mlangoni siku ya Bwana utawaona Wagiriama na Wachonyi, ambao ndio wenyeji. Utawaona Wataita na Wakamba. Tena Waluo, Waluhya na Wakikuyu waliokuja kwa kazi za hoteli, machimbo ya mawe na biashara. Na jamaa chache za Waturkana. Kila mmoja huamkiana na wenziwe kwa lugha ya kwao nje ya mlango, kisha wote huingia na kusali kwa Kiswahili. Wageni wakituona husema, "Hili ndilo kanisa hasa." Nasi tulikuwa tukiyapokea maneno hayo kwa furaha, mpaka mwaka 2022.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosa misimu mingi mfululizo. Mahindi yalikauka mashambani, mifugo ikafa, na mjini bei ya unga ikapanda hata maskini hawakuweza kuifikia. Baraza la kanisa likapata magunia ya mahindi na maharagwe kwa ajili ya wajane na wagonjwa. Sisi ndio tulioandika orodha. Tuliketi usiku mmoja, taa mezani, tukaandika majina tuliyoyakumbuka. Tena tukajisifu moyoni kwamba hatukuhitaji kumwuliza mtu, kwani ni nani awajuaye waumini kuliko mwalimu wao? Jumamosi chakula kikagawanywa. Jumapili iliyofuata viti vya upande wa kushoto, karibu na dirisha, vilikuwa vitupu.

Siku ya tatu yake akaja kwetu mjane mmoja wa Kiluo, muuza samaki. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, sikuja kuomba mahindi. Nimekuja kuuliza kama jina langu liliandikwa likafutwa, au halikuandikwa kabisa." Tukamjibu kwamba halikufutwa. Akasema, "Basi ni vibaya zaidi," akaenda zake.

Tulipoifungua orodha ile tulikuta majina arobaini na mawili. Thelathini na tisa yalikuwa ya kabila letu, maana sisi tu Wagiriama. Mungu ni shahidi kwamba hatukukusudia kumdhulumu mtu. Tuliwaandika wale ambao tumekula majumbani mwao, ambao tumekesha nao matangani, ambao mama zao twawaita mama. Kabila la mtu hatukulifikiri hata kidogo usiku ule. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Asiyelifikiri kabila huandika la kwake.

Walimu, mnaijua sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Tumeifundisha mara nyingi, nasi tulikuwa tukiikimbia ili tufike kwa Stefano na kupigwa kwake mawe. Sasa tulirudi tukaisoma pole pole. Huko Yerusalemu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika juu ya Waebrania. Angalieni mitume walivyofanya. Hawakuwakemea wanung'unikao kwamba wanaleta ukabila kanisani. Hawakusema kwamba katika Kristo hakuna Mwebrania wala Myunani, kwa hiyo nyamazeni. Hawakuikana habari. Waliwaambia watu wachague saba, na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, na wa mwisho wao, Nikolao wa Antiokia, hakuzaliwa hata Myahudi, bali alikuwa mwongofu. Ni kweli kwamba Wayahudi wengine wa Palestina walikuwa na majina ya Kiyunani, kama Andrea, na Filipo yule mtume. Lakini saba kwa saba si bahati tu. Sisi twaelewa hivi: mkate ulitiwa mikononi mwa upande ule uliosahauliwa, nao wakapewa kuwagawia wote, hata na wajane wa Waebrania.

Tena twasema, katika pwani yetu mambo haya si mageni. Msafiri atokaye Mombasa kuja kwetu hupita Kengeleni, na ile kengele iliyopatia mahali pale jina lake ni kengele ya Frere Town, mji uliojengwa na wamisionari wa C.M.S. huko Kisauni tangu mwaka 1875 kwa ajili ya mateka waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, kila mtu ameng'olewa kwao, na lugha yao ya kusemezana ni Kiswahili walichojifunza njiani na ugenini. Huko Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi mwaka 1846, walikuwako Warabai wenyewe. Na baadaye wakaja watoro waliowakimbia mabwana zao. Juu ya hao walikuwako Waafrika waliolelewa Nasik, katika nchi ya Bara Hindi, nao ni watu waliokuwa watumwa utotoni, wakaokolewa baharini na kupelekwa Bombay. Kwao walitoka William Jones, Ishmael Semler na George David, waliofika Rabai mwaka 1864. Hao walijua kusoma, kazi za mikono na Kiingereza.

Basi lilikuwa kanisa moja la watu wa namna nne, na Wazungu juu yao. Msidhani walikaa kama malaika. Waliotoka Bombay walionekana na wengine kuwa watu wa majivuno, kwa mavazi yao na usemi wao. Nao wenyewe walilalamika kwamba Wazungu hawakuiheshimu kazi yao ipasavyo. Jones na Semler walitumika zaidi ya miaka ishirini kabla Askofu Hannington hajawawekea mikono wawe mashemasi, mwaka 1885. Miaka ishirini! Mwalimu asomaye haya na aliyengojea kidogo tu ataielewa subira yao.

Lakini jambo tulitakalo ni lile la watoro. Jones ndiye aliyekuwa akiisimamia Rabai, na watoro walizidi kuja, wakijenga vibanda, wakija sala, wakihesabiwa pamoja na waumini. Mwaka 1888 mabwana zao wakawadai kwa nguvu, na palikuwa na hofu kubwa ya kumwagika damu. Lingekuwa jambo rahisi kusema, "Hawa si wetu, wachukueni." Mwisho wake George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu kama 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Twafikiri Jones aliwatazama watoro wale akajiona mwenyewe, kwa kuwa naye alikuwa ameuzwa. Hata hivyo Warabai hawakuuzwa, nao waliishi na watoro hao katika nchi yao.

Umoja wa kanisa haujulikani kwa kuimba pamoja. Wote waweza kuimba. Hujulikana siku anapokuja mtu kumdai jirani yako. Sisi tulikuwa vijana mwezi wa Agosti 1997, yalipotokea mauaji ya Likoni, na watu wa bara wakakimbilia kanisani na watoto wao na magodoro yao. Tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi nzima ilipowaka, tuliona katika kanisa letu wenyewe watu waliokuwa wakipeana mkono wa amani kila Jumapili wakiketi mbalimbali, na wengine hawakuja kabisa. Hakuna aliyepigwa kwetu, ashukuriwe Mungu. Lakini viti vile vitupu vya karibu na dirisha, mwaka 2022, vilitukumbusha siku zile, tukaogopa.

Basi tulipeleka habari barazani, tukakiri kosa letu mbele ya wazee, tukaomba orodha itolewe mikononi mwetu, ipewe watu wanne wa upande ule uliosahauliwa. Mzee mmoja akasimama. Alisema, "Kanisa hili walilijenga baba zetu. Mawe haya sisi tuliyabeba vichwani tungali watoto. Leo ufunguo wa ghala apewe mtu aliyekuja juzi?" Nasi tulimjibu vibaya, kwa kumtajia Maandiko kwa sauti kubwa, akatoka nje. Ulikuwa upumbavu wetu wa pili. Alikuwa amesema kweli habari ya mawe. Ilitupasa kwanza kumshukuru kwa mawe yake. Tulikwenda kwake mara tatu kabla hajatukaribisha kuketi, na mara ya tatu mkewe ndiye aliyesema naye, si sisi. Yapata miezi mitatu ikapita hivi.

Habari ya lugha haikutusumbua kama tulivyotazamia, kwa hiyo hatutaiandika sana. Kiswahili chatosha kwa ibada. Bali twawasihi, mkienda kwa mgonjwa aliye karibu kufa, mchukueni mtu wa kwao amwombee kwa lugha aliyofundishwa na mamaye.

Jambo lililokuwa zito lilikuwa mazishi. Kila kabila hapa lina chama chake cha mazishi, na mtu akifa watu wa chama chake humsafirisha mpaka kwao. Mwaka uliofuata akafa mzee wa Kiturkana, asiye na chama wala ndugu ila mke na mtoto mmoja. Siku tisa maiti yake ilikaa hospitalini, na deni la kila siku likiongezeka, nasi sote twasema, "Watu wake wameitwa, watakuja." Siku ya tisa, baada ya sala ya asubuhi, yule mjane muuza samaki akasimama mahali pake, akauliza, "Watu wake ni akina nani?" Kanisa likanyamaza. Ndipo yule mzee wa mawe akaondoka kitini, akasema kwamba shamba lake lina nafasi. Kwa watu wetu, mnajua, kumpa mgeni kaburi katika ardhi ya ukoo si jambo dogo. Na nduguze walimteta hata baada ya mwaka. Lakini kaburi liko pale, tumelijengea kwa mawe, na mtoto wa marehemu hupita kulifagia.

Mwalimu usomaye, twakuomba jambo moja tu. Usiwahesabu waumini wako kwa makabila, maana hesabu hiyo itakupendeza bure. Hesabu funguo. Nani ana ufunguo wa ghala, nani wa sanduku la sadaka, nani huandika majina, nani huulizwa kabla ya shauri kukatwa, na nani huambiwa baadaye? Kisha mwulize mtu asiye wa kwenu, faraghani, kama umehesabu sawa. Sisi tulipouliza tuliambiwa mambo mawili ambayo hatutayaandika hapa, maana mengine hatujayatengeneza.

Orodha ya wajane sasa huandikwa na watu wanne, na wawili wao ni wajane. Hawaandiki kwa kukumbuka. Hutembea nyumba kwa nyumba, hata kwa wasiopenda kutembelewa. Majina ni mengi kuliko yetu ya kwanza, na kila mmoja hupata vibaba vichache kuliko zamani. Mwezi uliopita walilifuta jina la shemeji yetu, kwa kuwa waliona ana mbuzi sita nyuma ya nyumba. Tangu siku ile hajatusalimu.