Vigabatrini: Dawa Iliyopimwa kwa Macho

Mgonjwa wa kifafa aliyemeza vigabatrini, dawa iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1989, aghalabu hakutambua kwamba upeo wa macho yake ulikuwa ukisinyaa kutoka pembeni kuelekea katikati, kwani aliendelea kusoma na kuzitambua sura za jamaa zake kama kawaida. Na ni kuanzia 1997, matabibu walipotangaza habari hizo, ndipo ilipodhihirika kwamba takriban theluthi ya watumiaji hupatwa na dhara hilo, na kwamba nuru iliyopotea hairudi.

Dawa hiyo hiyo ndiyo Stephen Dewey wa maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, na tabibu Jonathan Brodie walioitarajia kuwaponya waraibu wa kokeini. Hoja yao haikukosa mantiki: kokeini hufurikisha dopamini katika ubongo, na raha ile ya ghafla ndiyo imrudishayo mja kwenye unga, ilhali vigabatrini, kwa kuzuia kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, hulipunguza furiko hilo. Wanyama wa maabara walionyesha hivyo, lakini panya haulizwi anaona nini pembeni.

Mwenye kifafa hutumia dawa miaka mingi, mraibu wiki chache tu, na juu ya tofauti hiyo watafiti waliweka tumaini lao. Palikuwa na shaka nyingine, nayo kwa rai yangu ilikuwa nzito zaidi: mraibu hateuliwi kwa utiifu wake, na siku akiteleza, dawa na kokeini vitakutana katika mwili mmoja. Kwa hiyo, katika jaribio la awali huko Mexico, walipimwa macho hata watu walioendelea kutumia unga huku wakimeza dawa, na katika kundi hilo dogo upeo wa macho haukuonekana kupungua.

Mwaka 2009 likachapishwa jaribio la wafungwa 103 wa Mexico City walioachiliwa kwa masharti: asilimia 28 ya waliopewa dawa waliacha kokeini katika wiki za mwisho, dhidi ya 7.5 ya waliopewa dawa bandia. Walitoa ridhaa, naam. Lakini ridhaa ya mtu ambaye uhuru wake ungali mikononi mwa serikali yataka kutazamwa mara mbili.

Jaribio kubwa zaidi la Marekani, lililochapishwa 2013, halikuona tofauti yoyote ya maana. Hadi leo Marekani haijaidhinisha dawa ya uraibu wa kokeini, na kumhatarisha mtu macho yake kwa faida isiyothibitika, hasha, isingekuwa tiba.