Je, Wajua? Jina Lililotoka Kwenye Bango la Sinema

Mwigizaji Mwingereza Michael Caine alizaliwa London mwaka 1933 kwa jina la Maurice Micklewhite. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo katika soko la samaki la Billingsgate. Kijana huyo alipigana vita vya Korea kabla ya kupanda jukwaani. Mwaka 1954 alichukua jina "Caine" kutoka filamu ya The Caine Mutiny, iliyokuwa ikioneshwa London. Filamu ya Zulu ya 1964 ndiyo iliyompaisha. Alishinda Oscar mbili za mwigizaji msaidizi bora, akatunukiwa hadhi ya "Sir" mwaka 2000, akastaafu 2023 akiwa na miaka 90. Kisheria alibaki Micklewhite hadi 2016, alipochoka kuhojiwa kwenye viwanja vya ndege kuhusu jina la kwenye pasipoti yake.