Mkwaju Umelala, Shoka Lisilale

Mvua ya masika ilipiga tangu isha. Karibu na alfajiri nikasikia sauti nisiyoijua: kama mtu anachana gunia kubwa polepole, kisha kishindo kilichotikisa vyombo ukutani. Kulipokucha mtoto wa jirani akabisha mlango. "Ami, muti umegwa."

Ulikuwa mkwaju wa kiwanja chao, mkongwe kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu. Ulilala juu ya ukuta wa mawe, mizizi juu, matawi yamejaa kichochoro kizima. Punda waliotoka pwani na mchanga wa ujenzi walisimama upande wa pili, masikio yamelegea. Huku Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, gari haliingii. Mti ukilala kichochoroni umefunga barabara kuu.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimepika pilau za harusi, za hitima na za wageni wa Maulidi, nyingi kwa kuni. Watu husifu mkono wangu kwa viungo. Hawajui kwamba mchele wa shughuli huharibiwa na ukuni mbichi kabla haujaharibiwa na chumvi. Kwa hiyo mti ukianguka popote kuanzia hapa hadi Langoni, mimi huitwa, au huenda bila kuitwa.

Mwenye mkwaju ni mama mjane mwenye watoto wa kiume wawili. Niliwakuta wanashauriana. "Uwateni ukauke kwanda," mkubwa alisema, "kisha tutauchanja." Nikamwambia mama yao: shoka liingie leo. Wakanitazama kama mtu mwenye njaa ya kuni za wenzake, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi. Mama akahukumu kama kadhi: nusu ya juu, iliyofunga njia, ikatwe na kuchanjwa sasa kwa maneno yangu. Nusu ya shina iliyobaki kiwanjani iachwe kwa maneno ya wanawe. Na mimi nitapata fungu langu katika nusu yangu.

Wale vijana hawakuwa wajinga. Karibu kila mtu ana picha hiyo kichwani, kwamba kuni ni mti mkavu, basi subiri mti ukauke ndipo uite shoka. Mpango huo ungefaa lau gogo zima lingekauka. Gome kazi yake, mti ungali hai, ni kuyazuia maji yasipotee, na haliachi kazi kwa sababu mti umeanguka. Maji yenyewe husafiri kwa urefu wa mti, kwa njia zilezile yaliyopandia kutoka mizizini. Kwa urefu huo hutoka kwa wepesi mara kumi au zaidi kuliko yanavyopenya ubavuni. Gogo la pima mbili, basi, lina milango miwili tu, huku na huku. Likate vipande vya dhiraa moja moja na utapata vipande vinane, milango kumi na sita. Kila kipande ukikichanja mara nne, umelivua na nguo.

Huo ndio ukweli ninaotaka uubebe, msomaji: shoka lina tarehe yake na moto una tarehe yake, na katikati yao kuna miezi. Kuchanja hufanywa mti ukiwa mbichi. Kuwasha hungoja.

Nilikipima kipande kimoja cha ule mkwaju kwa mizani ya duka, siku kilipochanjwa: kilo 5. Nikakitia alama ya makaa na kukirudisha safuni. Mwezi wa Februari kilikuwa kilo 3 na gramu 600. Kilo moja na gramu mia nne za maji zilikwenda na upepo, bure. Zisingekwenda na upepo zingetolewa na moto, na huko hulipiwa. Ili kuifukiza lita moja ya maji kutoka ndani ya ukuni, moto hutumia joto ambalo lingezichemsha lita nane za maji ya mtungi. Mpishi anayetia kuni mbichi chini ya sufuria ana sufuria mbili mekoni, moja yake haionekani wala hailiwi.

Kisha kuna moshi. Moshi ni kuni ambazo hazikuungua: moto umepoa kwa maji, na ile hewa ya mti iliyopaswa kuwa mwali inapanda dari na kuingia kifuani. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupikia kuni, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nyumba zetu za kale za Amu zina kidari cha meko juu kabisa, chini ya makuti, moshi upate njia. Wazee walijua. Lakini hata kidari hakimponyi anayepikia mti wa juzi.

Turudi kichochoroni. Mti ulioanguka una hila kuliko uliosimama. Shina lililoegemea ukuta limejikunja kama upinde. Upande mmoja umebanwa, mwingine umevutwa. Ikiwa limeshikwa ncha zote mbili, mgongo wake ndio uliobanwa: anza kwa msumeno juu, kidogo tu, kisha malizia kwa chini. Ikiwa ncha moja inaning'inia, geuza: anza chini, malizia juu. Ukikosea, msumeno unabanwa, au tawi linafyatuka. Nilipokuwa kijana tawi la mkanju lililokunjwa hivyo lilinipiga muundi, na hadi leo mvua ikikaribia najua kabla ya redio. Na shimo la mizizi ni hatari kuliko vyote. Shina likishakatwa, kisiki kizito kile kinaweza kurudi na kusimama mahali pake, na mtoto aliyeingia kucheza shimoni hana pa kukimbilia. Siku ile nilimweka kijana mmoja pale awafukuze watoto tu, akanung'unika asubuhi nzima.

Tulikata kwa msumeno wa injini wa kukodi hadi adhuhuri, vipande vya dhiraa moja. Kipimo hicho sikukitoa kitabuni: ndio urefu unaoingia baina ya mafiga na kubaki na mkia wa kusukumia. Pia ndio urefu anaoubeba punda bila kusugua kuta za vichochoro vyetu.

Kuchanja kulichukua siku tatu. Mkwaju una moyo mweusi wa zambarau na nyama ya nje ya manjano, na mishipa yake imesokotana kama kamba ya nanga. Ukiupiga katikati, shoka linazama na kukaa. Unaanza pembeni, unauchanja kwa ubavu ukizunguka, kila pigo likitoa ubao, mpaka moyo unabaki peke yake. Huo huupiga kwa kabari mbili za chuma na nyundo. Penye fundo usishindane. Kipande chenye fundo kitie kando, kitafaa kuweka moto usiku. Unene niuombao ni wa kiganja, si zaidi. Na kazi yote hii iliwezekana kwa sababu moja: mti ulikuwa na maji. Maji huilainisha mishipa. Samaki mkunje angali mbichi, husema watu kwa watoto. Mimi nimeona kwa mti zaidi ya nilivyoona kwa watoto.

Kuni tulizipanga safu moja kiwanjani, juu ya boriti mbili za zamani zisiguse ardhi, ubavu wazi kuelekea upepo. Juu tukafunika makuti. Juu tu. Jirani mmoja aliniletea turubai tuzivike zote zisinyeshewe, nikamshukuru na kumrudishia: kuni zilizovikwa plastiki hutoka jasho ndani na kuota ukungu. Mvua inayopiga ukuni uliochanjwa hulowesha ngozi tu, na jua la siku mbili huimaliza. Safu iwe mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Zikigusa ukuta, mchwa hupandia hapo, na akishafika ukutani hatauliza kama boriti za dari yako zina miaka mia mbili.

Kalenda yetu ilitusaidia. Mti uliochanjwa masika hupata kwanza upepo wa kusi, mkali lakini una unyevu, hadi Septemba. Vuli huurudisha nyuma kidogo. Kisha inaingia kaskazi, Desemba hadi Machi, jua kavu na upepo usiochoka, na hiyo ndiyo inayomaliza kazi. Aliyeachia gogo lake zima mpaka Desemba ndipo achanje, ameipoteza nusu ya safari na atakutwa na masika mengine mkononi. Kuni njema ni zile ambazo maji yake yameshuka chini ya sehemu 20 kwa mia. Hapa pwani usitarajie chini ya 14 au 15 hata ukingoja miaka mitatu, kwa sababu hewa ya bahari huurudishia ukuni kile inachoutoa.

Utazijuaje? Gonga mbili pamoja. Mbichi hutoa mlio wa kiatu katika tope. Kavu hulia kama kengele ya mbao. Tazama ncha: nyufa zinazotoka moyoni kama miale ni dalili kwamba maji yaliyojificha ndani ya nyuzi zenyewe yameanza kuondoka, si yale ya kujaa tu. Gome huvuliwa kwa kidole. Na kama una mizani, pima kipande kimoja kila wiki mbili; uzito ukikataa kushuka, kazi imekwisha.

Si kila mti una tabia ya mkwaju. Mwembe ni laini na mwepesi kuchanjwa, lakini haufai kulazwa hata mwezi mmoja na gome lake: fukusi na kuvu huuwahi, na utavuna unga. Utomvu wake, na wa mkanju zaidi, huchoma ngozi, kwa hivyo vaa mikono mirefu na usikae katika moshi wa matawi yake mabichi. Mvinje ni wa ajabu, huwaka hata ukiwa na maji kidogo, ndiyo maana wapishi wavivu wanaupenda. Lakini ukikauka mzima huwa chuma, basi nao uchanje mapema. Mnazi usiniulize. Huo si mti wa shoka, ni fungu la nyuzi. Na mbao za mashua kuukuu, zilizoshiba rangi na shahamu, usizitie chini ya chakula cha mtu unayempenda.

Umebaki mkoko, na hapa lazima niseme polepole. Hakuna moto kama wa mkoko na mkandaa. Kwa vizazi ndio uliochoma chokaa iliyojenga mji huu. Lakini mikoko ya Kenya ni hifadhi ya serikali tangu 1932, na zaidi ya sehemu 60 kwa mia ya mikoko yote ya nchi, kama hekta 37,000, iko katika kaunti yetu ya Lamu. Mkoko ulioangushwa na mawimbi hauwi wako kwa kuwa umeanguka. Pita ofisi ya misitu kwanza, uulize kibali. Mti wa kiwanjani mwako ni habari nyingine, ingawa hata huo, ukiwa mji wa kale, ni vizuri kuuliza kabla ya kuugusa ukuta uliouegemea.

Februari iliyofuata kulikuwa na harusi mtaani, nami nikapewa sufuria nne. Nusu yangu ya mkwaju iliwaka bila moshi kiasi kwamba kina mama waliokuwa wakichambua mchele hawakuhamisha mikeka yao. Makaa yake yalikaa hadi magharibi.

Wiki hiyohiyo vijana wa yule mama waliliendea gogo lao. Lilikuwa na miezi tisa kiwanjani na kwa nje lilionekana kavu kama mfupa. Shoka la kwanza liliruka. La pili likavunja mpini. Walipoleta msumeno na kulikata katikati, ndani lilikuwa bado na unyevu unaoshikika kwa kidole, na ile nyama ya manjano chini ya gome ilikwishabunguliwa, unga ukimwagika. Walipambana nalo siku mbili, wakapata kuni za mzigo wa punda mmoja, tena mbichi.

Kipande kinene kuliko vyote hakikuchanjika kabisa. Alikichukua muuza nyama, akakisimamisha mbele ya meza yake, na hadi leo anakatia mifupa ya ng'ombe juu yake. Hakina hata ufa.